Pungufu ya Mbili

Ochanya, mke wa mtoto wa kiume wa Nvou, alishinda asubuhi nzima akibeba miganda ya ulezi kutoka shambani, na mimba yake ya miezi sita. Alipotua wa mwisho, Nvou aliihesabu, akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Pungufu ya mbili!"

Kwa Waberom, watu wa kabila la Nvou, hilo ni jina tu la namba. Hesabu yao hujaa ifikapo kumi na mbili; kumi haina jina lake, huitwa pungufu ya mbili, kama tisa inavyoitwa pungufu ya tatu. Lakini Ochanya aliolewa kutoka Otukpo, kwa watu wa lugha nyingine, na Kiberom alikuwa bado anakiokotaokota.

"Mama, miwili imepotea?"

Jirani yao, Lyop, akaangua kicheko. "Labda huyo wa tumboni kaila!"

Hapo ndipo Nvou alipotakiwa kumweleza. Neno lilishafika mdomoni. Ila jana usiku alimsikia Ochanya akimwambia mumewe, Chuwang, kwamba mchuzi wa mama hauna chumvi. Akapandisha mabega. "Si wewe uliyebeba?"

Ochanya akajifunga kitambaa kiunoni, akarudi shambani.

Nvou alijitia kupepeta, lakini macho yalikuwa yanavuka ua wa minyaa. Alimwona akiinama kwenye mabua, akiinuka ameshika mgongo, kisha akielekea kwenye shimo la zamani la wachimba madini ya bati, lililojaa maji, lenye kingo za utelezi. Ungo ukamtoka mikononi. Akiteleza pale, nitamwambia nini Chuwang? Mwanamke nimemtuma mwenyewe, kutafuta kitu ambacho hakipo!

Hata hapo hakuwa na ujasiri wa kumwita. Alichomoa miganda miwili ghalani kwake, akapita njia ya mkato, akaiweka kando ya njia ya shambani, akarudi mbio akihema.

Baadaye kidogo Ochanya akaingia, matope hadi magotini, miganda kichwani, anacheka.

"Mama, nimeiona! Nisamehe, nilikuwa mzembe." Akapiga magoti mbele yake.

"Inuka," Nvou alisema. "Inuka, mwanangu. Hukupoteza kitu. Ulileta kumi. Kumi sisi tunaiita hivyo."

"Na hii?"

"Nimeiweka mimi."

Lyop akaanza kutazama miguu yake mwenyewe.

"Mama, nilipokuwa nazunguka lile shimo, ulikuwa unaniona?"

Angeweza kukana; minyaa ilikuwa imeshonana, na Ochanya asingejua. "Nilikuona."

Ochanya aliishusha ile miganda, akaiegemeza ukutani taratibu kama mali ya mgeni, akaingia chumbani kwake. Komeo likalia.

Nvou alipasha maji ya kumnawisha miguu, akakaa nayo mlangoni, beseni mapajani. Hakubisha hodi. Maji yalipopoa aliyarudisha jikoni, akayapasha tena, akaja kuketi palepale.