Nani ana jina lake sasa?

Leo nilimhurumia bosi wangu, kumbe wa kuhurumiwa ni mimi.

Bibi huyu ninayemfanyia usafi hapa Randburg, Afrika Kusini, alikuwa ametandaza mezani picha na vyeti vya babu wa babu yake, mchimba makaa ya mawe wa Uingereza.

Nikamuuliza, "Nani ana jina lake sasa?"

"Hakuna."

Eish, maskini.

Kwetu mtoto hupewa jina la mzee. Kwenu si ndivyo? Mwanangu ana jina la babu aliyemzaa mama, ndiyo maana mama akipiga simu humwita "baba".

Nilipomweleza hivyo, bosi akauliza, "Huyo babu alikuwa na sura gani?"

Sikujua.

Nikampigia mama, kule kwetu Bukavu, Kongo.

"Hata mimi sijui, mwanangu. Alikufa nikiwa mchanga. Unafikiri kwa nini nakusumbua kila siku unitumie picha za mtoto?"

Nimemtumia zote nilizo nazo.