Mkwaju wa Bi Kuluthum

Nilimjua Bi Kuluthum mwaka wa hamsini na nane, nilipokwenda kwake Mtongwe kununua ukwaju ungali mtini. Kazi yangu ilikuwa hiyo: nautazama mti, nakadiria magunia, napatana na mwenyewe, kisha namleta mkwezi wangu, Randu. Nilianza kazi hii na gunia la kuazima, kwa hivyo sikuwa na muda wa mchezo.

Bi Kuluthum alikuwa mtalaka wa miaka thelathini hivi, mwembamba, ulimi mkali. Kila asubuhi aliwalea watoto wadogo kumi na tisa, ambao mama zao walivuka kwenda kuuza samaki na mihogo mjini. Hicho ndicho kilichomlisha, hicho na mkwaju mmoja mkubwa nyuma ya nyumba. Bei yake haikuwa mbaya. Sharti lake ndilo lililonichosha.

"Randu hapandi mpaka watoto wamalize kuwaamkia wenyeji."

"Wenyeji gani?"

"Wa mtini."

"Bi Kuluthum, unauza ukwaju au unauza kima?"

"Ukwaju ndio nauza. Kima hawana bei, ndiyo sababu wewe huwaoni."

Nikakubali, maana kungoja hakukunipunguzia kitu.

Alikuwa amefunga kamba hatua kumi kutoka shinani, na watoto walisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Kumnyooshea kidole kiumbe wa mtini kwake ilikuwa mwiko. Kwanza wasikilize, kisha ndipo watazame.

"Nani kaamka?"

"Kindi, mwalimu!"

"Na nani tena?"

"Kima na mwanawe!"

"Komba je?"

"Kalala shimoni! Jana kalewa tembo la Mzee Ngowa!"

Randu alicheka kuliko wote, kwani kwa kibuyu kile cha mgema Mzee Ngowa yeye na komba walikuwa washirika.

"Na shore wakikusanyika tawi moja wakapiga kelele?"

Hapo hawakucheka. "Hatusogei, mwalimu. Pana nyoka."

Tukaenda hivyo misimu mitatu. Mwaka wa sitini na moja nilifika nikakuta watoto wamenyamaza nyuma ya kamba yao. Kindi hakuonekana. Kima, aliniambia Bi Kuluthum, walikuwa wamehama siku ya tatu sasa. Juu, katikati ya majani mazito, shore, ndege wale wadogo wa vichwa vyeusi, walikuwa wakilia bila kupumua, wote mahali pamoja.

"Leo hapandi mtu," alisema.

"Nimemuahidi mtu magunia manne kabla ya adhuhuri."

"Muahidi kesho, Bwana Aqil."

"Biashara haingoji ndege, Bi Kuluthum. Randu, panda."

Randu alinitazama, akautazama mti. Alikuwa na mke na watoto wawili kwao Kwale. "Mimi na miti ni ndugu," akasema, akapanda.

Gunia la kwanza lilishuka limejaa. La pili halikushuka. Alishuka yeye mwenyewe, polepole, akaketi shinani, akashika mkono.

"Nimechomwa na mwiba," alisema.

Mkwaju hauna miiba. Nilijua, naye alijua. Punde kope zake zikawa nzito, akawa hawezi kumeza mate. Tulimbeba mbio kwenda majini, tumpakie mtumbwi tumvushe hospitali. Hakufika kwenye mtumbwi.

Wiki haijaisha, pakazuka maneno: Bi Kuluthum anafuga nyoka, ndiyo maana anaongea na mti. Kina mama wakawaondoa watoto mmoja mmoja. Wakabaki wanne.

Akaja kwangu.

"Ulinisikia nikikataza."

"Nilikusikia."

"Basi lisemee msikitini, watu wasikie."

Kusema ni kujitwika maiti. Jambo zito namna ile sikuwa na desturi ya kulitoa bure. Nikamwambia nataka mkwaju. Ardhi ibaki yake. Kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe.

Aliangalia mikono yangu.

"Chukua. Lakini kamba yangu haiondoki."

Ijumaa nilisimama baada ya sala nikasema yote: alikataza, nikamsikia, nikampandisha mtu. Wazee walinitazama kama watu wanaotazama shimo. Mwezi haukuisha watoto wake walikuwa wamerudi, na kuzidi.

Mimi nilibaki na mti. Toka Mtongwe hata Kwale sikumpata mkwezi wa kuupanda. Nilitaja ujira mara mbili, mara tatu. Walisikia jina langu wakaenda zao. Ukwaju ulianguka wenyewe, nami nikawa naokota chini ule uliosazwa na panya.

Asubuhi moja, mwaka wa uhuru, niliingia na kikapu changu. Watoto walikuwa wamejipanga kambani, na Bi Kuluthum nyuma yao. Kima walikuwa wamekwisha kurudi zamani; siku hiyo sikumuona hata mmoja. Nilikuwa hatua tatu kutoka shinani.

"Babu," kitoto cha kike kikaniita, mikono mgongoni. "Usisogee. Shore wanalia."

Nilimtazama Bi Kuluthum. Alikuwa akisikiliza juu.

Nikasimama palepale, chini ya mti wangu, nisijue mguu upi niurudishe kwanza.