Vidole vya Shangazi Kabula

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau siwezi. Tulikuwa Igoma, kwenye kibanda cha shangazi yangu Kabula. Kazi yake ilikuwa kufunga vidudu vya manyoya kwenye ndoano, chambo bandia wanachotumia wageni wanaokuja kuvua sangara kwa kujifurahisha. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfumba macho, akaniita nimsaidie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa nasikia la mtu.

Alinifundisha taratibu. "Chukua manyoya ya sungura kidogo tu, kama chumvi ya kuonjea mchuzi. Uzi upake nta, manyoya yatandaze juu yake, sokota kwa vidole upande mmoja. Ukirudisha, yanafunguka. Ndipo uzungushie ndoano, wembamba mkiani, unene ukija mbele."

Loo! Mimi nikaona ananichelewesha. Nikawa nachota donge zima, nalizungusha mara mbili, napaka gundi juu, basi. Shangazi alikagua kwa kupapasa, maana macho sasa hayakumsaidia. Nami, Mungu anisamehe, nilimpa apapase vitano alivyofunga yeye mwenyewe, vitano hivyohivyo kila siku, vyangu nikavitia mfukoni bila yeye kuvigusa. "Umeiva," akasema, akacheka kwa furaha. Nikacheka naye!

Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye boti wa Pasiansi, mteja wetu wa pekee, alirudi na mfuko mzima wa vidudu nilivyofunga mimi. Hata shikamoo hakutoa. "Mama, vimeloa tu, vikabaki uchi mbele ya wageni wangu. Kazi yako siitaki tena." Shangazi akatumbukiza kimoja kwenye kikombe cha maji. Manyoya yakaachia, akabaki na ndoano tupu. Aliipapasa kwa muda mrefu.

"Niliyategemea macho yako," akaniambia, "nawe ukanifanya kipofu kabisa."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Hakufunga tena hata kimoja, na tulimzika hajanipa mkono. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamezeeka pamoja nami.

Basi nisikilize, mwanangu. Aliyekuamini kwa sababu haoni, usimdanganye. Kazi ifanye kidogo kidogo, hata asipokuwepo wa kukukagua. Na ukikosea, kaseme siku hiyohiyo, uliyemkosea akiwa bado na kinywa cha kukusamehe. Mimi samahani yangu naipeleka kaburini, na kaburi halijibu. Mungu akupe mikono yenye subira, na akukinge na aibu ya kuomba radhi kwa aliyekwishalala.