Siku chungu changu cha carbide kilipofuka mvuke mbele ya ukoo, Nachingwea

Wakuu, salaam. Hiki nilikiona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtoto wa Chinongwe, Ruangwa. Diploma ya mechanical nilijisomesha kwa ufuta niliolima mwenyewe. Nikaenda Afrika Kusini, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu, nikarudi na vifaa vyangu. Leo nina karakana Nachingwea. Sikubebwa na mtu, na wenye wivu wanywe maji.

Siku ya kuwasha tanuru kwa mara ya kwanza niliita ukoo mzima, waje waone skrepa ya aluminium ikigeuka sufuria.

Chungu changu cha kuyeyushia ni cha silicon carbide. Tuelewane kidogo hapa.

Chuma kikiwa chekundu kinalegea, unakikunja utakavyo. Silicon carbide ikiwa nyekundu bado imekaza. Ubaya wake haijui kupinda. Ikizidiwa inapasuka tu, bila kuaga. Msiichanganye na zile ncha za carbide za kuchimbia visima. Zile zimeshikanishwa na cobalt, zikipata moto mkali zinapoteza ugumu.

Basi nikawasha mkaa, nikafungua feni ya kupulizia moto.

Mara nasikia "sss", mvuke unatoka ubavuni mwa chungu.

Chungu kikavu hakitoi mvuke. Nikazima feni papo hapo. Maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke ghafla, yanakipasua. Na waliotakiwa kukibeba kwa koleo kikiwa kimejaa aluminium ya moto ni mimi na shemeji Hamisi, mume wa dada yangu. Kikiachia, yote miguuni.

"Vipi injinia, moto umekukataa?" Hamisi akanicheka.

Shangazi akadakia, "Huko Sauzi alikuwa anafagia huyu!"

Watu hoi.

Iliniuma, wakuu. Mtu kama mimi! Nilitamani nifungue feni niwazibe midomo.

Badala yake nikachukua kipande cha chungu cha zamani kilichovunjika, nikakiloweka kwenye ndoo, kisha nikawasogeza watu nyuma na kukitupa kwenye mkaa. Tukangoja.

Paa! Vipande vikaruka. Kicheko kikakatika.

Mjomba wangu akasimama, kofia mkononi. "Mwipwa wangu, jana nilimimina maji ya kombe, yaliyooshea aya za dua, humo ndani ya chungu chako. Nilitaka kazi yako iwe na baraka."

"Hujakosea, mjomba. Ungeniambia tu, ningekikausha kwanza."

Nikakipasha kwa mkaa kidogo, polepole, wageni wakila pilau. Mvuke ulipoisha kabisa nikakikagua kwa tochi. Hakuna ufa. Ndipo nikafungua feni.

Aluminium ikayeyuka. Tukanyanyua. Kutoka tanuru hadi kwenye kalibu za mchanga sidhani kama nilivuta pumzi.

Tukamimina, tukarudisha chungu chini kizima. Hamisi akakaa chini akicheka peke yake. Nikamkumbatia mjomba kwa nguvu hadi akalalamika mbavu.

Nilichojifunza: carbide haiogopi moto, inaogopa kushtukizwa. Na watu wakikucheka kwa sababu unakwenda polepole, waache wacheke, bora wote warudi nyumbani wazima.

Mafundi wenzangu mnaosubu, ninyi masika mnavikaushaje vyungu vyenu? Semeni. Na wenye kejeli nao waje, mimi nina shangazi, nimeshazoea.