Waraka Nilioukubali Kabla ya Kuuelewa

Kwa miaka kumi na miwili nimefundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Ganjoni, na kwa miaka yote hiyo nimewaimbia wanafunzi wangu wimbo mmoja: andiko gumu halisomwi mara moja. Husomwa mara tatu. Mara ya kwanza kalamu iko chini, unasikiliza tu mwandishi anazungumzia nini. Mara ya pili kalamu iko mkononi, unayakamata maneno moja moja, hata vile viambishi vidogo ambavyo watu huviruka kama dimbwi la maji. Mara ya tatu unauliza: nani anamwambia nani, na anataka nini? Mwanafunzi akiinua mkono kabla ya kusoma mara ya pili, nilikuwa nikimwambia, "Shusha. Hujasoma, umetazama tu."

Wanafunzi waliliiga neno hilo kwenye korido, kwa sauti yangu na kwa mwendo wangu. Nilijifanya sisikii. Ukweli ni kwamba lilinipendeza.

Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka thelathini na sita, sijaolewa, nikiishi na mama yangu katika nyumba ya marehemu babu, kichochoro cha pili kutoka Ndia Kuu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee mmoja aliyestaafu ukarani huko bandarini Kilindini. Alikuwa ameandika hati za mizigo maisha yake yote, na nadhani huko ndiko alikojifunza kuchukia kosa la herufi moja. Tangazo la mtaa likibandikwa na kosa, kesho yake ungelikuta limesahihishwa kwa wino mwekundu, na hapana aliyehitaji kuuliza ni nani.

Mzee huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, fundi wa mitambo katika zile boti zinazovuta meli kuziingiza gatini. Alikuwa rika langu. Nilikuwa nimezungumza naye labda mara nne. Mara moja aliniazima ngazi nikabadilishe taa ya ukumbini, akasema, "Ukimaliza usijisumbue kuirudisha, nitaifuata mwenyewe." Sentensi hiyo ya ngazi niliisoma wiki nzima, kwa kila mbinu niliyowahi kufundishwa chuoni, na kila nikiisoma niliikuta na maana zaidi.

Basi Alhamisi moja alasiri mzee akabisha hodi kwetu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama.

"Masalkheri, jirani," akamwambia Mama.

"Masalkheri. Karibu ndani."

"Nishakaribia. Nina waraka wenu. Mambo mengine mtu hawezi kuyasema mlangoni."

Akautoa waraka kwa mikono miwili, akaondoka. Mama akaufungua, akausogeza mbali, akausogeza karibu, kisha akaniita. "Ndoo usome, mwanangu. Huyu mzee huandika kama yuaandikia sultani."

Niliusoma kwa sauti, nimesimama, na mkoba wa shule bado uko begani. Ninao hadi leo, kwa hiyo nauandika kama ulivyo:

"Kwa jirani zetu watukufu. Baada ya salamu nyingi na kukujulieni hali, sisi tu wazima, twamshukuru Mola. Lengo la waraka huu ni ombi. Kijana wetu, inshallah, anaoa, na haja ya muungwana huanzia kwa jirani. Ua wenu tumeutazama miaka mingi kutoka dirishani kwetu, tukauona ulivyotunzwa, ulivyo na stara, tukasema hapana pengine pa kupeleka ombi hili ila kwenu. Kwa heshima na taadhima tunauomba. Mkitukubalia mtakuwa mmetustiri. Mkikataa, ujirani wetu hautapungua. Twangojea jawabu."

Nilipomaliza, Mama alikuwa ameketi. Sijui aliketi saa ngapi.

"Wamekuposa," akasema.

Nami, mwalimu wa Kiswahili, mwenye shahada na mwenye sifa korido nzima, nikasema, "Naam. Ni posa."

Ni nani asiyejua kwamba wazee wa kwetu hawaombi binti kwa jina lake? Huja wakasema wameona ua nyumbani mwenu, wangependa kulichuma. Kijana anaoa, ua lina stara, wamelitazama miaka mingi. Miaka mingi! Nikayafikiria yale madirisha yao ya juu, na asubuhi zote nilizotoka kuanua nguo nimejifunga leso mbovu.

Mama akampigia simu dada yake mdogo, khalati yangu, anayekaa mtaa wa nyuma. Khalati alifika kabla simu haijapoa. Akataka kusomewa. Nikamweleza.

"Sitaki kuelezwa, nataka kusomewa," akasema. "Hebu usome tena, taratibu."

"Khalati, mimi ndiyo kazi yangu hii. Nimeshauelewa."

"Lakini wamuomba nani? Umenambia hakutaja mtu."

"Nyumba hii ina mimi na Mama tu."

"Mimi nishamaliza zamani," akasema Mama.

Wakacheka, nami nikacheka, na nafasi yangu ya kusoma mara ya pili ikapita mbele ya macho yangu. Aliyenipa nafasi hiyo aliachia shule darasa la sita.

Khalati akashauri tujibu siku hiyo hiyo, kabla watu wale hawajabadili nia. Mama aliona ni haraka. Khalati akamuuliza angependa kungoja hadi mwanawe afike arubaini? Kwa hiyo jawabu likaandikwa pale pale kwenye meza ya chakula, na kwa kuwa katika nyumba ile mwenye mwandiko na lugha ni mimi, aliyeandika kukubali posa yangu nilikuwa mimi mwenyewe. Khalati alitunga, nami nikasanifisha. Sentensi niliyojivunia zaidi ilikuwa hii: "Ua letu tumelilea kwa adabu, nalo limeridhia. Njooni siku mtakayo mlitazame kwa karibu." Khalati aliipeleka barua pamoja na sahani ya visheti, akarudi akisema mzee amefurahi mno, amesema "Alhamdulillahi" mara mbili mlangoni. Kisha akaanza kupiga simu. Alikuwa na jamaa Malindi, Lamu na Unguja, na hakumsahau hata mmoja.

Jumatatu nikaenda kazini na ule waraka mkobani. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka kuuona tena, basi, kama mtu anavyokaa na picha. Kipindi cha tatu sina darasa, nikaketi ofisini kwa walimu chini ya feni, nikaufungua. Kwa mazoea tu, kalamu ilikuwa mkononi.

"Ua wenu."

Nikatabasamu, nikaendelea. "Tumeutazama." Nikarudi nyuma. "Ua wenu tumeutazama." Nikapiga mstari chini ya "wenu", nikapiga mwingine chini ya "tumeutazama", na mwingine chini ya "ulivyotunzwa". Mkono wangu ulikuwa ukijua jambo ambalo mimi nilikuwa bado nalikataa. Ua linalochanua ni ua lenu, tumelitazama, lilivyotunzwa. Huo ndio upatanisho ninaoufundisha kidato cha kwanza, muhula wa kwanza. Ua wenu, tulioutazama, ulivyotunzwa, huo ni uwanja wa nyuma wa nyumba, wenye ukuta, kamba ya nguo na asumini za mama yangu.

Nikajaribu kumtetea mzee dhidi yake mwenyewe. Labda ameteleza. Lakini mtu anayezunguka mtaani na wino mwekundu hatelezi mara sita mfululizo katika ngeli ile ile.

Nikausoma mara ya tatu. Nani anamwambia nani, na anataka nini? Safari hii lililonisubiri lilikuwa neno "anaoa". Baba anayemtafutia mwanawe mke huandika kwamba kijana ataka kuoa. Huyu aliandika kwamba anaoa. Mke alikuwa amekwisha kupatikana. Kilichokosekana ni mahali pa karamu.

Nadhani nilitoa sauti fulani, maana mwalimu wa hesabu aliyekaa meza ya pili aliinua kichwa. "Kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Kuna harusi."

Nilimwambia Mama jioni, akichambua mchele. Nilimweleza ngeli kwa utaratibu, kama darasani, kwa sababu nilijua nikiacha utaratibu nitalia. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye uteo.

"Kwa hivyo wataka ua," akasema.

"Wanataka ua."

"Wa nyuma."

"Wa nyuma, Mama."

Akatupa kijiwe. "Na sisi tumewajibu nini?"

Hapo ndipo nililia. Khalati, alipoletwa kwenye baraza hilo, alisema hapana neno: jawabu lilikuwa ndiyo, na ndiyo ndiyo waliyoitaka, na yule ni mtu mzima, hatachungulia viambishi. Mimi na Mama tukatazamana. Mji mzima ulikuwa na mzee mmoja tu ambaye angechungulia viambishi, naye alikuwa amelala nyuma ya ukuta wetu na sentensi yangu mkononi.

Alikuja Jumatano, alasiri tena. Safari hii aliingia na kuketi, akapewa kahawa, akaulizia afya zetu mmoja mmoja. Kisha akasema, akiangalia kikombe chake badala ya uso wangu:

"Mwalimu, jawabu lenu nimelisoma mara tatu."

Nikaweka birika chini.

"Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili, Mungu anisamehe, nilichukua wino mwekundu. Nikasema, tazama, hata mwalimu anaandika 'ua letu'. Nikasahihisha, likawa 'ua wetu'. Nikafika kwenye 'limeridhia', nikasahihisha, nikakuta 'ua wetu umeridhia'. Nikaiweka kalamu. Maishani mwangu nimeona ua ukifagiliwa, nimeuona ukifurika maji. Ukiridhia, sijauona."

Mama alikohoa. Namjua, alikuwa anazuia kicheko.

"Mara ya tatu," mzee akaendelea, na sauti yake ikashuka, "nilirudi kwenye nakala ya waraka wangu. Sikumtaja bibi harusi. Sikutaja karamu, wala sikutaja siku. Nimeandika hati za mizigo miaka yote ile, na nikapeleka hati isiyosema mzigo ni nini. Kosa si lako, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Kosa ni langu, ami," nikasema. "Niliusoma mara moja."

"Mara moja!" Alishtuka kwa dhati, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa aibu. Halafu akajizuia, akanywa kahawa.

Tukaambiwa habari zenyewe. Bibi harusi alikuwa muuguzi, mtu wa Kwale, anayepanga Ganjoni ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata kamba ya kuanikia nguo watu huishika zamu. Nyumba ya mzee nayo haina ua. Akina mama wa pande zote mbili walihitaji mahali pa stara, jioni moja tu. Mzee alieleza yote hayo, kisha akauliza, kwa haya ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake, kama ombi bado lingali limekubaliwa.

Mama ndiye aliyejibu. "Jirani, ua ule uchukueni, ni wenu. Ua hili," akaniwekea mkono begani, "tutabaki nalo wenyewe kwanza."

Mzee alicheka hadi akajifuta macho. Nami nilicheka, nikashangaa kwamba nacheka. Nilikuwa nimemsikia mama yangu akipatanisha ngeli mbili katika pumzi moja bila kalamu.

Siku ya karamu kijana alikuja asubuhi kufunga taa kwenye kuta zetu. Alikuja na ngazi ile ile. Alikuwa hajui lolote. Mzee, kwa heshima yake, hakumwambia. Alinishukuru, akasema mchumba wake amefurahi sana, akaniuliza kama ningemsaidia kumwandikia hotuba fupi maana yeye maneno hayamtii. Nikamsaidia. Ilikuwa hotuba nzuri. Jioni wanawake walijaa ukuta kwa ukuta, bibi harusi akatolewa chini ya asumini za Mama, mzuri kweli, na mimi nikapita na sinia za sambusa nikipongezwa na watu kwa ukarimu wa nyumba yetu. Moyo uliniuma, sitasema haukuuma. Lakini nilipojichunguza niliona maumivu ya kumkosa yule mtu yalikuwa madogo kuliko nilivyotarajia. Sentensi nne na ngazi si kitu kikubwa cha kupoteza. Kilichonichoma zaidi ni jinsi nilivyousoma waraka ule kwa urahisi, bila kukwama popote.

Darasani naendelea kufundisha kusoma mara tatu. Ila siku hizi sisemi "Shusha". Mwanafunzi akiinua mkono mapema namuuliza, "Ulikuwa unatamani liseme nini?" Huwa ananitazama kama nimechanganyikiwa, kisha anashusha mkono mwenyewe, anasoma tena.

Khalati alichukua miezi miwili kuwarudia jamaa wote aliowapigia simu, na hakuwamaliza. Kutoka Malindi ilifika seti ya vikombe sita vyenye dhahabu pembezoni, na kadi ya hongera yenye jina langu. Nilisema tuvirudishe. Mama alivitazama kwenye mwanga, akasema ni vikombe vizuri, na ni utovu wa adabu kumrudishia mtu zawadi yake. Tunavinywea chai. Kimoja kimeshavunjika sikio.