Punda wa Natabo

Kituo cha polisi, Ekitela alikijua kwa nje tu. Tangu nywele nyeusi mpaka nyeupe, kila akikaribia lango lile alivuka barabara akapita upande wa pili, kama mtu anayepisha fahali mkali. Ndivyo alivyofundishwa na babake. Serikali ni moto, babake alisema. Ukiwa mbali utapigwa na baridi, ukiwa karibu utaungua. Ekitela alichagua baridi.

Leo amesimama langoni, kuku kwapani.

Alikuja kwa sababu ya punda. Hata huyo punda hakuwa wake. Alikuwa wa Natabo, mkewe, waliyemzika mvua ilipoanza. Kwa punda huyo Natabo aliteka maji, akayauza mtaani Bulla Pesa mlango kwa mlango, na maji hayo ndiyo yaliyosomesha watoto ambao sasa wako Lodwar na Nairobi. Alipokufa, shanga zake walichukua dada zake. Nguo wakagawana wakazamwana. Kilichobaki chenye pumzi, kilichozoea mkono wa Natabo, ni punda. Halafu juzi Ekitela akaamka, akakuta kamba imekatwa kwa kisu.

Kwa Waturkana punda ni mali ya mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe wake, ana ngamia wake. Punda hamfungi, hamtwiki mzigo, hamwiti. Ujanani Ekitela alikuwa na maksai wa madoa, pembe amezipinda mwenyewe, na alimwimbia mpaka watu wakamwomba awaache walale. Lakini punda aliyesimama nyuma ya nyumba yake miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama vizuri. Hata siku hizi za msiba alimtupia majani kwa mbali, akageuka.

Habari aliileta Judy, jirani. Alikuja mbio na ndala mkononi.

"Babu! Redio imesema! Polisi wameshika lori kwa kizuizi, limejaa punda. Wezi walikuwa wanawapeleka kuchinja, wauze ngozi. Wenyewe waende kituoni wachukue."

"Polisi wanapeana kitu?"

"Wanapeana, Babu. Ni kazi yao."

"Wewe umewahi kuona polisi akipeana?"

"Mimi si nilipoteza kitambulisho? Nikaenda, nikaandikiwa karatasi, nikapata ingine. Enda, Babu, lakini enda leo. Wale hawatachukuliwa watapelekwa kortini pamoja na hilo lori, halafu ni mnada."

Ekitela aliinuka. Kisha akachukua fimbo, akachukua ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hatembei bila, akamshika kuku. Kwa mkubwa hakuendwi mikono mitupu.

*

Ndani kulikuwa na baraza, benchi, na kaunta ndefu. Benchi hakulitaka. Aliweka ekicholong sakafuni, akaketi, akangoja kupigiwa kelele.

Hakuna aliyempigia kelele.

Akaanza kuangalia. Kijana wa bodaboda alikuwa amepoteza leseni. Askari akamwandikia, akamwambia arudi mchana achukue abstrakti, karatasi ya polisi ya kitu kilichopotea. Kijana akasema asante, akatoka akipiga mluzi. Ametoka mwenyewe, kwa miguu yake, hajafungwa. Kwenye kona, mtoto wa kike aliyepotea sokoni alikuwa anakula chapati kwenye mapaja ya askari mkubwa mwenye kitambi, na makombo yanamwangukia askari kwenye suruali, na askari hafuti. Mama mmoja mwenye jicho lililovimba aliingia akiwa amejifunika uso. Hakuulizwa mbele za watu. Askari mwanamke aliinuka, akamshika mkono, akampeleka chumba kingine, akafunga mlango polepole, vile mlango unavyofungwa mahali palipo na mgonjwa.

Ekitela aliukazia macho ule mlango. Akajiuliza, haya mambo yalikuwa hapa siku zote? Wakati yeye anavuka barabara?

"Mzee wangu, habari. Karibu. Tukusaidie na nini?"

Alikuwa askari mwingine, msichana, hijabu nyeusi chini ya kofia, sare ya bluu imepigwa pasi. Jina lake, alisema, ni Koplo Sadiya. Ekitela akasimama, akamweka kuku juu ya kaunta.

Kuku akajisaidia papo hapo.

Yule askari wa kitambi akacheka mpaka mtoto akasahau chapati. "Koplo! Huyo mshukiwa ameharibu ushahidi!"

"Mzee, huyu kuku amefanya nini?" Sadiya aliuliza, huku anapangusa.

"Ni wako."

"Wangu wa nini?"

"Ndio unisikize."

Sadiya aliacha kupangusa. Akamnyanyua kuku, akamrudisha kwapani mwa mzee, mahali pale pale. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye ubao. "Unasoma, mzee?"

"Hapana."

"Imeandikwa huduma ni bure. Kusikizwa ni bure. Hata kutafutiwa ni bure. Sasa niambie."

Mzee akamkaza kuku kwapani. "Punda," akasema. "Wa mke wangu."

"Haya. Alama zake?"

"Ni wa kijivu."

"Wote ni wa kijivu, mzee."

"Ana mstari mgongoni."

"Hata huo wako nao wote. Masikio je?"

Ekitela alifikiri sana. "Mawili," akasema.

Hapo kituo kizima kilicheka, na hata Sadiya akauma mdomo. Ekitela hakucheka. Angeulizwa juu ya yule maksai, aliyekufa zamani, angetaja mpaka rangi ya kwato. Huyu wa juzi hamjui. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa mbele ya polisi. Ilikuwa mbele ya Natabo.

Sadiya aliona uso wake. "Mama mwenyewe hawezi kuja?"

"Hawezi."

"Ni mgonjwa?"

Mzee alitazama sakafu. Sadiya hakuuliza tena. Alifungua mlango wa nyuma. "Twende uani, mzee wangu."

*

Uani polisi walikuwa wamezungushia miiba na kamba. Ndani yake punda wamejaa, kijivu kwa kijivu, masikio kama shamba la mahindi. Mtu alikuwa amewawekea maji kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Askari mmoja kijana, kofia imepinda, alikuwa anawamwagia majani na kupiga chafya.

Nje ya miiba walisimama wanawake. Wanawake tu. Waturkana, Waborana, Wasomali, Wameru, kila mmoja na kipande chake cha kamba. Mwanamume mwenye punda alikuwa Ekitela peke yake, na kuku wake.

"Wee!" mmoja akapaza sauti. "Si huyu ni bwana ya Natabo?" Alikuwa Ntinyari, Mmeru muuza maji, mnene, ambaye alipanga foleni na Natabo kwenye kioski cha maji miaka mingi. "Baba, pole sana. Umekuja kuchukua punda ama kubadilisha na kuku?"

Wakacheka. Lakini walimpisha.

"Mama, wewe unamjua punda wake?" Sadiya aliuliza.

"Namjua kama—"

"Usimwonyeshe. Mwenye mali atambue mwenyewe. Leo nina kanuni moja tu hapa," Sadiya alimwambia mzee. "Mimi punda siwajui. Lakini tangu asubuhi nimeona, punda wanajua watu wao. Kila mtu anaita. Anayekuja ndiye wake. Asiyekuja sitoi, hata ukiapa. Kuna watu wamekuja hapa na viapo, wanataka punda wa bure."

Ndipo Ekitela akaona jambo ambalo hajaona tangu azaliwe. Mama wa Kiborana alisogea kwenye miiba, akaita kwa ulimi, ta-ta-ta, kama mtu anayehesabu vijiwe. Katikati ya kundi kichwa kimoja kikainuka. Punda akawapasua wenzake, akaja moja kwa moja, akaweka pua kwenye kifua cha mama. Mwingine akaita kwa jina. Mwingine akapiga mluzi. Ntinyari hakuita hata. Alikohoa tu, kikohozi chake cha moshi, na punda wake akapiga kelele kama tarumbeta mpaka askari kijana akaziba masikio.

Ekitela alisahau alichofuata. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa mfugaji tangu aweze kutembea, na hakujua kwamba nyuma ya kila nyumba ya mji huu, kila alfajiri, kulikuwa na mazungumzo kama haya. Kulikuwa na lugha nzima, na wanaume wanakunywa chai.

"Mzee," Sadiya akasema. "Zamu yako."

Alisogea. Akasafisha koo. Akaita kama mwanamume anavyoita ng'ombe, kwa sauti ya kifuani. Punda waligeuza masikio, wakayarudisha. Hakuna aliyekuja.

Akaita tena.

"Baba," Ntinyari akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Huyo hajawahi kusikia hiyo sauti. Ita vile mama alikuwa akiita."

Ekitela alijua vile alikuwa akiita. Hiyo ndiyo shida. Kila alfajiri aliisikia kupitia mabati, amelala macho wazi, anajifanya usingizi: ulimi unagonga mara kadhaa, halafu sauti nyembamba inapanda kama moshi, kwa Kiturkana, njoo, njoo, maji yanatuacha. Sauti ya mwanamke, kwa mnyama wa mwanamke. Mwanamume akiita hivyo, hata wajukuu watamwimbia kwa kumcheka. Tena tangu mazishi hajathubutu kuikumbuka sauti ile. Aliiweka mbali, kama mtu anavyoficha panga asijikate.

Alitazama miiba. Alitazama lori lililoegeshwa kando, mlango wa nyuma wazi.

Akampa Sadiya kuku. "Shika," akasema.

Akafumba macho. Akagonga ulimi. Kisha akaitoa, si sauti yake, ile nyembamba. Ilitetemeka, ikakatika, ikapanda tena. Njoo, njoo. Maji yanatuacha.

Wanawake waligeuka. Mmoja alijishika mdomo. Kwa wale waliopanga foleni naye, ilikuwa kama Natabo amesimama pale.

Mle ndani punda mmoja aliinua kichwa. Mdogo, sikio la kushoto limechanika ncha. Akaja akikimbia, na punda mtu mzima hakimbii bure. Askari kijana akavuta miiba kando. Punda akafika kwa Ekitela, akampita.

Alimpita kabisa. Alikwenda nyuma yake, akanusa hewa, akatazama wanawake mmoja mmoja. Akazunguka. Akatazama mlango wa kituo. Alikuwa anamtafuta.

Yule askari wa kitambi, aliyekuwa ametoka na mtoto begani, alisimama.

"Hayuko," Ekitela akamwambia punda. "Hata mimi nilimtafuta."

Punda alisimama muda. Kisha akarudi, taratibu, akaegemeza paji la uso kwenye mkono wa mzee, mkono ule ulioita. Alikuwa na joto. Ekitela hakujua kwamba wana joto hivyo.

Sadiya alijifuta jicho kwa ncha ya hijabu, kuku bado mkononi mwake. "Huyo ni wako, mzee," akasema.

"Ni wa Natabo."

Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu kaburi. Lilitoka zima.

*

Kwenye kaunta Ekitela aliweka kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, na Sadiya akamrudishia kuku. Askari wa kitambi alimpa mkono na kumwambia akisikia chochote usiku, apige simu, hata kama ni mbwa tu. Aliandika nambari ya simu ya kituo kwenye kipande cha katoni, akakifunga kwa kamba shingoni mwa punda. "Sasa hata yeye atatupigia," akasema.

Ekitela alitoka kupitia lango lile lile. Hakuvuka barabara.

Mjini vijana wa miraa walimwona: mzee mzima, fimbo na ekicholong, kuku kwapani, anavuta punda kwa kamba mchana kweupe. "Guka!" wakampigia kelele, yaani babu, maana mjini hapa vijana humwita mzee yeyote hivyo. "Umeolewa lini?"

"Leo," akawajibu, akapita.

Kwenye njia panda ya kwenda nyumbani alivuta kamba kulia. Punda akakataa. Alivuta tena. Punda akaenda kushoto, kwa mwendo wa mtu anayejua kazi yake, na mzee akabaki kumfuata. Walipita kinyozi, wakapita msikiti, wakatokea kioski cha maji. Hapo punda akaingia kwenye foleni ya wanawake, mahali fulani karibu na ukuta, akasimama, akalegeza mguu mmoja.

Ntinyari alikuwa ametangulia kufika. Alitazama mgongo mtupu wa punda. Akamtazama mzee.

"Baba, na mitungi iko wapi?"

Ekitela aliweka ekicholong chini, akaketi pale ambapo Natabo alikuwa akisimama.

"Kesho," akasema. "Leo nimekuja kuona foleni."