Mchoro wa Wazo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya usanifu wa majengo kule Temeke, Msanifu Mkuu alikuja mezani kwangu akaondoa rula. Alikuwa mtu wa maneno machache, shati lake limepigwa pasi mpaka mifukoni. "Rula ni ya wenzako wa chumba kile," alisema. "Wao wanachora kitakachojengwa. Wewe utachora kinachofikiriwa."

Nyie mnaobonyeza kompyuta jengo likatokea na vioo vyake, hebu nisikilizeni. Zamani, kabla mradi haujapata hata kibali, mwenye fedha alitaka auone. Kazi hiyo ilikuwa yangu: penseli laini, kalamu ya wino, rangi za maji. Nilichora kwa mkono ulioachiwa, mistari ikipitiliza kwenye kona na kukatana, miti ikiwa madoa ya kijani, mtu akiwa mguso mmoja wa brashi na nukta ya kichwa. Kule kupitiliza hakukuwa uvivu. Mstari ule ulisema bado, hatujaamua, usije ukanunua mabati. Ukinyoosha kila kona mteja anadhani jengo limekwisha, anaanza kugombana nawe kuhusu vitasa vya milango.

Chini ya kila mchoro wa aina hiyo tuliandika kwa herufi kubwa: MCHORO WA WAZO. Msanifu Mkuu hakutaka neno la Kizungu. "Wazo tunalo, tunakopa la nini?" alisema. Mie nikaona kasema kweli.

Alipostaafu nilihamia kampuni binafsi Mikocheni, chini ya Meneja Miradi, mtu wa haraka asiyekalia kiti. "Weka watu, sista, weka maisha," alikuwa akiniambia. "Mwekezaji hanunui ukuta." Nikamwekea. Mchoro mmoja ulikuwa wa kitongoji kizima cha kujengwa Kimara: soko lenye paa pana, zahanati, na barabara yenye miti, inayopinda kutoka sokoni kushuka bondeni. Mwekezaji akauona, akausifu, hakurudi tena. Mchoro ukabaki ukutani pale mapokezi kwa kuwa ulipendeza.

Kaka yangu Bakari alikuwa anaishi mtaa wa Wazo, upande wa kiwanda cha saruji. Siku moja alinifuata kazini, asinikute. Nilikuwa nimetoka kwenda kuangalia eneo la mradi. Katika kungoja akauona mchoro ule. Akamwuliza binti wa mapokezi, "Hii ni ya wapi?" Binti akainama, akasoma pale chini. "Ni ya Wazo, mzee."

Hayo niliyajua baadaye, nilipokwenda kumtembelea. Nilikuta amejenga duka la matofali, limepigwa chokaa vizuri, nalo limeipa mgongo njia wanayopita watu. Mlango na dirisha la kuuzia vilitazama kichaka. Nikamwuliza, kaka, mbona umelijenga kinyume? Akacheka. "Barabara yako si inapita huku? Nimeipima kwa macho. Ile kona yake naijua kwa moyo."

Nikaketi juu ya kreti la soda. Nikamweleza kwamba lile ni wazo, fikra tu, tena fikra yenyewe ya Kimara. Akaniwekea mkono begani, akashusha sauti. "Najua mmekatazwa kusema, watu wasije wakavamia viwanja. Kwangu imefika, haitoki." Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuniheshimu. Baba yetu alikuwa mchongaji wa vinyago. Kwake mti ukishatiwa patasi, basi, imeamuliwa. Bakari alilelewa hivyo. Hakuamini kwamba mkono wa mtoto wa baba yake ungeweza kuchora kitu ambacho hakipo.

Nikamwomba Meneja Miradi tubadilishe yale maandishi, tuandike hata "haijaamuliwa". Akanitazama kama nimeugua. "Nani atatia fedha kwenye kitu kisichoamuliwa?" Mchoro ukaendelea kukaa ukutani.

Wateja wa Bakari walizunguka ukuta kwa muda, kwa huruma na kwa ujirani. Kisha wakachoka, duka jingine likafunguliwa njiani. Yeye hakununa. Kila nilipofika alikuwa dirishani, anatazama kichaka, ananiuliza habari za kazini kwa kunikonyeza. Alifariki hivyo hivyo, akiwa na imani na mie. Hilo linaniumiza kuliko kifo chenyewe.

Kompyuta zilipoingia, nikapewa kazi ya kupanga picha za wengine, halafu nikaagwa kwa keki. Watu huniuliza majengo yangu yako wapi. Michoro niliyoipaka rangi iliishia kwenye makabati na kwenye mabango yaliyopauka. Kilichowahi kujengwa kwa kuufuata mkono wangu, ninachoweza kukuonyesha kwa kidole, ni duka linalotazama kichaka.

Juzi nilikwenda na fundi ili tutoboe mlango upande wa njia. Wifi yangu Mwanahawa, mjane wa Bakari, alikataa. Alisema marehemu aliagiza wasubiri.

"Wifi," nikamwambia, "hakuna barabara. Haikuwahi kuwepo. Lilikuwa wazo."

Alikuwa anafuta vumbi la saruji kwenye mizani, wala hakuinua kichwa.

"Si ndiyo nasema," akanijibu. "Wazo. Ndiyo hapa."